SAUTI ISIPITE JUU YA VICHWA VYETU

Ndugu wasomaji, wiki hii twataka kusema habari ya redio. Twajua wapo watakaocheka na kuuliza: Je, Chama kimekosa kazi hata kikae kuzungumza habari ya redio? Twawajibu ndugu hao kwamba kazi ya kwanza ya Chama ni kuona kwamba mwananchi anasikia na anasikiwa. Mtu asiyepata habari za nchi yake ni mgeni katika nchi yake. Na mtu asiyesikiwa atatawaliwa kama mtoto, hata akiwa na kadi ya kupigia kura mfukoni mwake.

Hivi karibuni tulikwenda Natta kwa kazi ya Chama. Kwa ndugu wasiopajua, Natta iko wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, katika njia itokayo Butiama kwenda Mugumu. Upande wa kaskazini wako ndugu zetu wa Tarime. Upande mwingine yako mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, kisha Hifadhi yenyewe ya Serengeti ambayo dunia nzima yaijua. Watu wa hapa ni wakulima na wafugaji. Wanalima mahindi, mtama, muhogo na pamba, na mahindi yakianza kukomaa hukesha mashambani kuwazuia tembo. Watalii hupita juu yao kwa ndege ndogo, wakienda kuwatazama tembo wale wale.

Tulikuta wazee wamekaa chini ya mti. Juu ya jiwe, mbele yao, walikuwa wameanika betri nne juani. Ndugu wa mjini pengine hawajui maana ya jambo hili. Betri ikiisha nguvu huanikwa ili ipate joto, nayo hurudisha uhai kidogo, labda wa taarifa moja ya habari. Mzee mwenye redio alituambia: "Wanangu, nimezianika tangu asubuhi ili nisikie habari ya saa mbili usiku. Zikifa katikati, basi, nusu ya nchi imenipita."

Tukamwuliza ni habari gani iliyompita. Akatusimulia. Tangazo la chanjo ya mbwa lilisomwa redioni, likataja siku na mahali. Siku hiyo redio ya mzee ilikuwa haina betri, na redio za jirani zilikuwa zikikoroma tu kama mtu mwenye mafua. Simu zipo kijijini, lakini tangazo halikutumwa kwa simu, wala gari la kipaza sauti halikupita. Siku ya chanjo wakatokea watu watano na mbwa wao. Wiki chache baadaye mtoto wa nyumba moja akaumwa na mbwa. Baba yake akauza mbuzi wawili apate nauli na fedha za sindano, akampeleka mtoto Mugumu. Mtoto alipona, twamshukuru Mungu. Lakini mbuzi wawili wameondoka, na mtoto angaliweza kufa, kwa sababu ya tangazo la dakika moja.

Hapo kijana mmoja, ambaye amewahi kufanya kazi katika kambi ya watalii, alisimama akasema: "Kwani ni lazima tungoje minara? Siku hizi kila kitu kinatoka kwenye setilaiti. Kwa nini tusiletewe redio ya setilaiti, ambayo inafika kila mahali, mlimani na porini?" Wazee wakatutazama sisi.

Swali la kijana huyo ni zuri. Tena si swali la kubuni, maana jambo hilo lilikwisha kufanywa. Lilifanywa kwa ajili ya Afrika, kwa jina la Afrika, na anayetaka kujua la kufanya leo hana budi kujua lilikwendaje.

NYOTA YA AFRIKA

Aliyeanzisha jambo hili alikuwa mwana wa Afrika. Jina lake ni Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, aliyesomea sheria Marekani. Amesimulia mwenyewe kwamba alisukumwa na habari za UKIMWI: aliona watu wa Afrika wanakufa kwa kukosa maarifa ambayo yangeweza kusemwa redioni kwa dakika chache. Mwaka 1990 akaanzisha kampuni iitwayo WorldSpace. Mwaka 1992 mkutano wa mataifa uliofanyika Torremolinos, Hispania, ukatenga masafa kwa ajili ya redio za namna hiyo. Na tarehe 28 Oktoba 1998 roketi ya Ariane iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Wafaransa, ikiwa imebeba setilaiti iliyoitwa AfriStar, yaani Nyota ya Afrika.

Tueleze kidogo namna ilivyofanya kazi, maana maarifa si mali ya mabwana peke yao. Setilaiti hiyo iliwekwa juu ya mstari wa ikweta, kilomita zipatazo 36,000 kutoka ardhini. Katika umbali huo setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, kwa hiyo kwetu sisi huonekana kama imesimama mahali pamoja. AfriStar ilisimama juu ya Kongo. Ilirusha miale mitatu iliyofunika Afrika yote, Mashariki ya Kati na sehemu ya Ulaya, na kila mwale uliweza kubeba vituo vya redio kwa makumi. Sauti yake haikukoroma. Mtu wa Natta angechukua redio yake ya namna hiyo, angeelekeza antena yake upande wa magharibi, kule kwenye Ziwa, juu sana karibu na utosi, naye angesikia sawasawa na mtu wa Cairo au wa Cape Town.

Basi, ndugu, hebu fikirini. Mnara wa FM hufika kilomita makumi, kisha mlima unauzuia. Kuifunika Afrika yote kwa minara ni kazi ya miaka na miaka. Setilaiti moja iliifunika kwa siku moja. Aliyeona jambo hilo hakuwa mjinga, wala hakuwa mwongo. Mwaka 1999 matangazo yakaanza. Mwaka 2000 ikarushwa setilaiti ya pili, AsiaStar, kwa ajili ya Asia. Mashirika makubwa kama BBC yakapeleka idhaa zao huko, na baadhi ya vituo vya Afrika vikapelekwa pia.

MZIGO ULIHAMIA WAPI?

Sasa tuseme lile lililoiangusha kazi hii. Redio ya kawaida haikuweza kuisikia setilaiti hiyo. Ilibidi kununua redio yake maalumu. Makampuni ya Japani, ndiyo Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, yalizitengeneza, na zilipoingia sokoni bei ya redio moja ilikuwa zaidi ya dola 200. Wakati ule pato la Mtanzania mmoja kwa mwaka mzima, ukigawanya mali ya nchi kwa watu wake, halikufika dola 500. Maana yake ni kwamba mkulima angetakiwa kutoa karibu nusu ya mwaka wake, asile, asivae, asilipe ada ya shule, ili asikie redio. Baadaye kampuni ikaanza kudai pia malipo ya kila mara kwa vituo vyake vingi. Bei ya redio ilishuka kadiri miaka ilivyokwenda, lakini haikushuka hata ikafika chini ya mti wa Natta.

Hapa ndipo penye fundisho lote, nasi twaomba kila mwanachama alishike. Kufikisha sauti kijijini kuna gharama, na gharama hiyo haiwezi kuondolewa, bali huweza kuhamishwa tu. Mnara ukijengwa, gharama yabebwa na mwenye kusema, yaani serikali au kituo, na msikilizaji hununua redio ya bei ndogo, au husikiliza kwa simu yake. Setilaiti ikirusha moja kwa moja hadi nyumbani, mwenye kusema hupunguziwa mzigo, kwa kuwa hajengi minara mia. Lakini mzigo haukupotea. Umeshushwa kichwani kwa mwenye kusema, ukatwishwa msikilizaji maskini. Kisha huambiwa: "Sauti imekufikia, kazi ni kwako."

Hata mkoloni alilijua jambo hili. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, serikali ya kikoloni ilitaka Waafrika wasikilize redio yake. Haikuanza kwa kujisifia mitambo. Ilianza kwa kutafuta redio ndogo ya betri ambayo Mwafrika angeweza kuinunua. Ikapatikana redio ya pauni 5, yenye umbo la sufuria, na jina lake likawa ndilo hilo, Sufuria. Pauni 5 hazikuwa fedha kidogo, lakini watu kwa maelfu waliinunua. Mkoloni alikuwa na shabaha zake, nasi hatumsifu. Twasema tu kwamba alijua pa kuanzia: masikio kwanza, mitambo baadaye.

KAMPUNI ILIPOANGUKA

Matokeo yake yalikuwaje? Kufikia mwaka 2008 kampuni ilikuwa na wanachama wapatao 170,000 katika nchi zake zote, nao karibu wote, 96 katika kila 100, walikuwa India, watu wenye uwezo wa kulipia muziki. Nyota ilikuwa ya Afrika kwa jina. Lakini masikio yaliyoilipia yalikuwa ya ng'ambo ya bahari. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa India. Twauliza tu: Je, kama wale waliotajwa katika maombi yote ya fedha ndio walioshindwa kununua, biashara hiyo ingesimama kwa mguu gani?

Tarehe 17 Oktoba 2008 kampuni iliomba kinga ya mahakama huko Marekani, kwa sababu madeni yameishinda. Mwisho wa mwaka 2009 wanachama wa India wakakatiwa matangazo. Redio zilizonunuliwa kwa jasho zikawa mapambo ya kabati. Mwaka 2010 mwanzilishi alichukua mabaki ya mali kwa kampuni nyingine, Yazmi, akijaribu kuyatumia kwa masomo ya shule. Setilaiti ya tatu, iliyokusudiwa kwa Amerika ya Kusini, ilikuwa imekwisha kuundwa, lakini haikurushwa kamwe.

Wapo watakaosema: "Basi setilaiti za redio hazifai." Si kweli. Marekani kwenyewe redio za namna hiyo zilistawi. Kampuni ya XM, ambayo WorldSpace iliweka fedha zake ndani yake hapo mwanzo, ilianza matangazo mwaka 2001. Mwaka 2008, mwaka ule ule ambao WorldSpace ilianguka, XM iliungana na mwenzake Sirius, na kampuni yao ina wasikilizaji wanaolipa kwa mamilioni. Siri ni nini? Redio yenyewe hufungwa ndani ya gari kiwandani. Mtu akinunua gari, redio imo, naye ana mshahara wa kulipia kila mwezi. Ufundi ulikuwa ule ule. Tofauti ni hali ya msikilizaji. Anayechukua biashara ya mwenye gari na kuileta kwa mwenye betri nne juani, bila kubadili mpango wake, hata akiwa na moyo mwema, ataanguka.

Tena kuna jambo la pili. Uamuzi wa kuizima sauti ile haukutolewa Dodoma, wala Nairobi, wala Addis Ababa. Wenye madai walikaa mezani ng'ambo, wakahesabu fedha zao, ikawa basi. Hapakuwa na mbunge wa kuuliza swali. Hapakuwa na waziri wa kujibu. Sauti ambayo wananchi hawana njia ya kuitetea si sauti yao. Ni ya kuazima, na cha kuazima hakisitiri matako.

TULIYOFANYA SISI WENYEWE

Sasa tutazame nyumbani. Redio katika nchi yetu ilianza mwaka 1951, ikaitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, mali ya taifa. Kutoka hapo wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika ya Kusini walisema na watu wao. Na mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipovamia Kagera, wazee wetu wa Mara waliipata habari redioni, na vijana wakaondoka majumbani kwenda kuilinda nchi.

Lakini kazi tunayotaka kuikumbusha zaidi ni ya mwaka 1973. Mwaka huo ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya. Mitambo ya taifa ilikuwa michache, na sehemu nyingi zilisikia kwa shida. Je, wakubwa wa elimu ya watu wazima walingoja hata kila mtu apate redio yake? La. Walipanga vikundi. Viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walifundishwa, wakapewa vitabu. Watu wapatao milioni 2 wakakaa pamoja kuizunguka redio moja ya kikundi, kila wiki, wakasikiliza habari ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Redio ikizimwa, kiongozi huuliza: "Je, sisi hapa kijijini hali yetu ikoje? Tufanye nini?" Kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi ya maji.

Ndugu, linganisheni. Kampuni yenye setilaiti mbili angani na mitambo isiyokoroma ilipata wanachama 170,000. Nchi maskini, yenye redio za betri na walimu wa kujitolea, ilikusanya watu milioni 2. Tofauti si akili ya mitambo. Kampuni ilimhesabu mtu mmoja mmoja na mfuko wake. Sisi tulihesabu kikundi. Redio moja kwa watu ishirini ni rahisi mara ishirini. Tena kikundi kinauliza, kinabishana, kinaamua. Mtu wa peke yake husikia tangazo la chanjo, akasahau. Kikundi kikisikia, hakuna mbwa atakayebaki nyumbani.

Sisi ambao tulisomea ualimu twalijua jambo hili vizuri. Somo halijafundishwa kwa sababu mwalimu amelisema. Limefundishwa mwanafunzi anapoweza kulirudisha kwa maneno yake na kulitumia.

SETILAITI NA MNARA WASHIRIKIANE

Hata hivyo tusiitupe setilaiti. Katika historia ile ile ya WorldSpace kuna jambo moja lililotufurahisha, na watu wachache hulitaja. Huko Niger, katika nchi ya jangwa, kituo cha Afrika cha hali ya hewa kilichoko Niamey kilishiriki mpango ulioitwa RANET. Habari za mvua na ukame zilirushwa kwa setilaiti ya AfriStar. Lakini hazikurushwa kwa kila mkulima anunue redio ya dola 200. Katika mahali paitwapo Bankilaré kiliwekwa chombo kimoja cha kupokelea. Watu wa kituo cha redio cha pale walizichukua habari hizo, wakazitafsiri, wakazitangaza kwa FM katika lugha za wenyeji. Umeme ulikuwa wa jua. Mkulima na mfugaji wakasikiliza kwa redio ndogo za kawaida, na nyingine za kuzungusha kwa mkono zisizohitaji betri.

Mnaona, ndugu? Setilaiti ilifanya kazi yake, yaani kuvuka jangwa mara moja. Mnara nao ulifanya kazi yake, yaani kuingia nyumbani kwa bei ya maskini. Na katikati alikaa mtu wa mahali pale, anayewajua watu na lugha yao. Hata vituo vyetu vingi vya redio hupeleka matangazo kwenye minara ya mikoani kwa njia ya setilaiti. Kwa hiyo kijana wa Natta alikosea kidogo tu. Setilaiti na ije, lakini iishie kwenye mnara wetu, isiishie kwenye mfuko wa mkulima.

Nasi tunao mifano nchini. Huko Terrat, Simanjiro, wafugaji wa Kimasai wana redio yao ya jamii, Orkonerei. Huko Loliondo, upande wa pili wa Hifadhi ya Serengeti, iko redio ya jamii ya Loliondo. Sengerema wanayo yao. Ikiwa majirani wa Hifadhi walioko mashariki wameweza, kwa nini majirani wake walioko magharibi washindwe?

TWADAI NINI?

Kulalamika peke yake ni tabia ya mtu asiyejitawala. Yafuatayo ndiyo tunayoyataka, na kila moja lina mwenyewe wa kulitenda.

Kwanza, mnara. Iko sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na makampuni ya mawasiliano huuchangia. Mfuko huo uliwekwa kwa ajili ya mahali ambapo mfanyabiashara haoni faida, na ambapo mwananchi bado ni mwananchi. Madiwani na wabunge wa Serengeti na Tarime waulize kwa sauti: ni vijiji vipi vya wilaya hizi ambavyo havisikii redio ya taifa sawasawa, na vitafikiwa lini? Wajibiwe kwa majina ya vijiji, si kwa asilimia. Asilimia haina mtoto aliyeumwa na mbwa.

Pili, vikundi. Jambo hili halihitaji serikali wala mfadhili. Ni letu. Kila tawi la Chama lianzishe kikundi cha kusikiliza, wazi kwa kila mtu, awe mwanachama au asiwe, awe wa dini hii au ile, awe Mnata, Mwikoma, Mngoreme au Mkurya. Redio moja, kibao kidogo cha umeme wa jua badala ya betri za kuanika, daftari moja na mtu mmoja wa kuandika. Akina mama wasiachwe nyuma. Saa ya kukutana ipangwe kwa kufuata kazi zao, si kwa kufuata starehe za wanaume. Kila wiki daftari liandikwe: tumesikia nini, hatukuelewa nini, tumeamua nini, twauliza nini.

Tatu, sauti ya kurudi. Tangazo linalokwenda upande mmoja tu ni amri. Maswali ya madaftari hayo yapelekwe kwenye vituo, kwa simu au kwa barua, na vituo viyajibu hewani, kwa Kiswahili kinachoeleweka, vikitaja kijiji kilichouliza. Mkulima wa Natta akisikia jina la kijiji chake redioni akijibiwa habari ya tembo, atajua kwamba nchi hii ni yake.

Nne, tahadhari. Siku hizi yako makampuni mapya ya ng'ambo yanayouza intaneti moja kwa moja kutoka setilaiti. Kwa jirani zetu wa Kenya huduma ya Starlink ilianza Julai 2023. Mambo haya ni makubwa na yana manufaa, nasi hatuyapingi. Lakini kila mara kampuni ya namna hii inapobisha hodi, viongozi wetu waulize maswali manne kabla ya kupiga makofi. Je, chombo cha kupokelea ni bei gani, na mkulima atakilipa kwa magunia mangapi ya mahindi? Je, shule na zahanati zitapata kwanza, au zitapata mwisho? Je, kampuni ikifilisika au ikibadili nia, vyombo tulivyonunua vitatumika kwa kazi gani? Je, ni nani katika nchi hii atakayekuwa na haki ya kuuliza na kujibiwa? Asiyeuliza maswali hayo atakuwa amesahau Nyota ya Afrika kabla ya miaka ishirini kupita.

WITO

Ndugu wanachama, twajua kwamba wengine watasema: "Sasa kila mtu ana simu, redio imepitwa na wakati." Nendeni Natta mkaone. Simu zipo, na ni jambo jema. Lakini bando huisha, na chaji huisha, na mama mzee asiyesoma hawezi kusoma ujumbe. Redio haimwulizi mtu kama anajua kusoma. Haimkatii maneno kwa kukosa salio. Chombo kinachosema na asiyejua kusoma sawasawa na anayejua, bila kumtoza, hakijapitwa na wakati wowote.

Wala tusimcheke Noah Samara. Alithubutu kuweka nyota angani kwa jina la Afrika, wakati wengi waliona Afrika haistahili hata balbu. Alipokosea ni kudhani kwamba sauti ikifika, kazi imekwisha. Sisi tulio chini ndio wa kumaliza sehemu iliyobaki: mnara, kikundi, daftari na swali. Sehemu hiyo haiwezi kurushwa kwa roketi.

Tawi litakaloanzisha kikundi kabla ya mavuno lituandikie: jina la kijiji, siku ya kukutana, idadi ya watu, wanaume na wanawake, na swali lao la kwanza. Tutalichapa hapa hapa, katika ukurasa huu, pamoja na jibu la mkubwa anayehusika. Na mkubwa akikataa kujibu, tutachapa kwamba amekataa.

Tulipoondoka Natta, jua lilikuwa linatua. Mzee aliziokota betri zake nne, akazitia katika redio, akaiweka juu ya kiti katikati ya watu. Tuliwahesabu waliosogea. Walikuwa kumi na tisa. Kikundi kipo tayari, ndugu. Kinangoja sauti tu.